Watoto Kumi na Mmoja wa Madame Fournier

Bunia, Komine ya Mbunya
Jumapili, tarehe 19 Agosti 2012

Mpendwa mdogo wangu Blaise,

Amani ya Bwana ikukute mzima, weye na Agathe na watoto wenu wawili. Je, magoti yako? Mara ya mwisho ulisema baridi ya huko inaingia mpaka ndani ya mifupa, na mimi tangu siku ile nikisali rozari natenga fungu moja la Salamu Maria kumi kwa ajili ya magoti yako. Usicheke. Mama alifanya hivyo kwa meno ya Baba na Baba alikufa na meno yake yote.

Huku siye tuko. Sukari yangu inapanda, inashuka, lakini miguu inanibeba mpaka misa ya kwanza na kunirudisha. Mvua mwezi huu ni nyingi kupita kiasi. Barabara ya Kasenyi imekuwa matope matupu, samaki wa chumvi wananifikia wamechelewa, na wateja wanawanusa kama madaktari. Bado nina meza yangu ileile sokoni.

Amani iko, ndivyo tunavyosema. Magari meupe ya Umoja wa Mataifa yanapita asubuhi na jioni, watoto wanayapungia mkono. Lakini redio ikianza kusoma habari za vita vya Kivu, utaona mama mmoja sokoni anaanza kufunga bidhaa zake ndani ya kikwembe, na ukimwuliza anakwenda wapi, hajui.

Nimepata barua yako kwa mkono wa padri wetu, Abbé David, pamoja na zile kurasa nne ulizopiga kwa mashine na ile karatasi ya kutia sahihi. Nimezisoma zote mara tatu. Ungeweza kusubiri jibu kwa simu, najua. Lakini kwa simu mimi ningekata kwa machozi, au weye ungekata kwa hasira, na neno hili halifai kukatwa katikati. Kaa chini usome mpaka mwisho. Mimi ni yaya yako, dada yako mkubwa, nilikubeba mgongoni.

Nianze na kurasa zako nne. Umefanya kazi nzuri, Blaise, sikatai. Sikujua kama mtu anaweza kuingia kwenye nyumba ya vitabu huko Lyon akatoka na historia yote ya jina moja. Umenifundisha kwamba Fournier linatokana na neno la zamani la tanuru. Kwamba zamani za wafalme kila kijiji kilikuwa na tanuru moja ya mkate, mali ya bwana wa nchi, na watu walilazimishwa kuoka humo na kuacha sehemu ya mkate wao pale, na yule aliyelinda tanuru hiyo ndiye Fournier. Halafu watoto wake wakabaki na jina hata kama hawakujua kukanda unga. Umeandika kwamba kusini wanalitamka kwa namna yao na kaskazini kwa namna yao, kwamba limevuka maji mpaka Canada, kwamba leo ni maelfu kwa maelfu, na kwamba ni kati ya majina yanayokutwa sana Ufaransa. Umeweka hata ramani, na rangi nyekundu pale walipo wengi.

Nimeitazama sana ile ramani. Nilitafuta Ituri. Najua haiwezi kuwa pale, lakini macho yalitafuta.

Halafu nikafungua ile karatasi nyingine. Unaniomba nisimame mbele ya ofisa wa komine, mimi niliye mkubwa wa wale waliobaki, nitangaze kwamba baba wa baba yetu alikuwa Mfaransa kwa jina la Fournier, mzungu wa kahawa mwenye shamba upande wa Nyankunde, aliyeishi na nyanya yetu akamzaa Baba. Avoka wako, yule mwanasheria, amesema neno la dada mkubwa lina uzito. Unasema ukipata uraia kwa njia hiyo, kazi ya kwanza utakayoifanya ni kumwita Rebecca, mtoto wa marehemu Adolphe, aje asome kwako.

Hapo niliiacha karatasi mezani siku mbili. Rebecca ana miaka kumi. Anasoma kwa kibatari, anaandika vizuri kuliko mwalimu wake. Unajua mahali pa kunishika.

Kwa hiyo sikukataa papo hapo. Nilijiambia, Geneviève, weye hukuwa umezaliwa wakati huo, labda mzungu huyo alikuwepo kweli. Baba hakukana kamwe. Walipomwita Mzungu wa Mahagi alitabasamu tu na kurekebisha kola yake. Nikaona heri niende kwenye mzizi. Nikapanda lori mpaka kwetu juu, Mahagi, kwenye parokia alikobatizwa Baba. Siku mbili njiani, juu ya magunia ya maharagwe, pamoja na mbuzi mmoja aliyenichukia tangu mwanzo wa safari.

Karani wa parokia ni mzee Jean-Pierre, miwani yake imefungwa kwa uzi. Hakutaka kunifungulia kitabu kwanza. Alisema vitabu vile vimekwepa moto mara mbili na havitakufa kwa vidole vya samaki. Nikanawa mikono kwa sabuni mbele yake, akafungua.

Blaise, nimeliona jina la Baba kwa macho yangu. Mwaka wa 1940, mwandiko wa padri mmoja, herufi zimelala kama majani yaliyokanyagwa. Imeandikwa Philippe, umri wapata miaka sita, mtoto wa Ukumu na wa Nyarwoth, wote Waalur, baba amekufa. Halafu iko safu ya mwisho, ya mfadhili. Pale ndipo imeandikwa Madame Fournier, na jina la mji wa Ufaransa ambalo sikuweza kulisoma.

Mtoto anayefuata, Madame Fournier. Anayefuata tena, Madame Fournier. Nilishuka na kidole ukurasa mzima. Ni watoto kumi na mmoja, Blaise. Wamebatizwa siku moja, kila mmoja na baba yake na mama yake, wote wa Madame Fournier.

Nilimwuliza mzee Jean-Pierre mambo haya ni nini. Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Akasema baba yake yeye ni wa saba kwenye ukurasa ule. Ndipo akanieleza. Yule mama alikuwa mjane huko kwao, alikuwa akituma misheni sabuni, daftari na vitambaa vya kaptula kwa watoto kumi na mmoja. Hakuwahi kuvuka bahari. Kila mwaka karibu na Noeli mapadri walitaka wale watoto wamwandikie barua ya shukrani, na kwa kuwa shuleni Philippe walikuwa wengi na Joseph wengi, walisimama mlangoni wakaita, watoto wa Fournier waje. Wakaja, wakaandika. Hivyo ndivyo lilivyoanza. Lilikuwa alama ya kujua sabuni ya nani inakwenda kwa nani.

Mzee aliniambia neno moja ambalo nililibeba njia yote ya kurudi. Alisema, "Baba yangu pia alikuwa Fournier mpaka siku alipomaliza shule. Siku ile aliliacha mlangoni pamoja na kaptula. Wote kumi waliliacha. Ni baba yenu peke yake aliyekwenda nalo nyumbani."

Sasa weye umenihesabia Fournier wa Ufaransa, maelfu kwa maelfu, na mimi nimekuhesabia wa kwetu. Walikuwa kumi na mmoja kwa muda wa miaka michache. Akabaki mmoja. Akatuzaa siye.

Usifikiri namlaumu Baba kwa moyo mwepesi. Najua alivyotoka. Mtoto yatima wa baba, miguu peku, anapata jina linalofanya karani wa kizungu anyanyue kichwa. Kwa jina lile alipata kazi ya kupima kahawa, na kiti, na mwavuli. Watu wakaanza kusema huyu lazima iko na damu ya kizungu, na yeye akawaacha waseme. Hakudanganya hata neno moja. Alinyamaza tu, miaka arobaini, na ule unyamavu ukatuzalia mzungu wa kahawa.

Kosa lake ni moja. Kwetu mtoto hachukui jina la baba. Mtoto anapewa lake mwenyewe, kwa yale yaliyokuwa yakitokea siku alipozaliwa, na nyanya ndiye aliyetuita siye wote watatu. Mimi alinipa Acan. Adolphe alizaliwa katika uasi, watu wamelala porini, nyanya akamwita Unencan, aliyeona taabu. Weye alikuita Udaga. Majina haya Baba hakuyaandika popote mpaka alipolazimishwa. Alituandika Fournier wote, kama wazungu wanavyofanya, jina moja kwa nyumba nzima.

Mwaka wa 1972 serikali ilipokataza majina ya kigeni, Baba aliomboleza kama mtu aliyefiwa. Alitia majina yetu ya Kialur kwenye karatasi kwa kuogopa kufukuzwa kazi, na nyumbani akakataza tusiitwe hivyo. Halafu ruhusa iliporudi, unakumbuka, weye ulikuwa na miaka kumi na tisa, alituvalisha nguo za kanisa, hata mimi niliyekuwa nimeshaolewa, akatupeleka ofisini. Mimi nilifikiri tutaongeza Fournier. Baba alitaka lile lingine lifutwe. Ofisa alimwuliza mara mbili, mzee, tuache yote mawili? Baba akasema hapana, moja linatosha kwa mtu aliyestaarabika. Tukatoka pale tukaenda kunywa Fanta.

Sasa nataka nikuandikie jambo ambalo sijakuandikia miaka tisa yote. Kwa simu nilikuambia Adolphe alikufa barabarani wakati wa vita, na weye hukuuliza zaidi. Nilidhani unanihurumia. Baadaye niliona labda unajihurumia weye.

Ni mwezi wa tano wa 2003. Mji ulikuwa umevunjika. Adolphe na mkewe Honorine, Rebecca mgongoni, waliteremka asubuhi barabara ya Kasenyi, watafute mtumbwi wa kuwavusha Uganda. Yote haya nimeyapata kwa Honorine, mara moja tu, na hajayarudia. Kwenye barière, kizuizi cha barabarani, vijana wenye bunduki walikuwa wanauliza kila mtu karte yake ya utambulisho. Hawakuwa wakitafuta Waalur siku ile, walitafuta kabila jingine, la watu warefu. Waalur walikuwa wakipita. Honorine alitoa yake, imeandikwa Uyirwoth, kijana mmoja akaisoma, akasema mama pita.

Adolphe akatoa karte yake ya ualimu. Fournier Adolphe. Hakuna kingine.

Kijana akauliza Fournier ni kabila gani. Adolphe akasema ni jina la baba yangu. Wakacheka. Mmoja akasema, "Mzungu gani mweusi sawa sufuria?" Wakacheka tena, na Honorine anasema hata Adolphe alicheka, alifikiri mambo yamelainika. Halafu yule mkubwa wao akasema mtu anayeficha jina lake anaficha kabila lake. Akamtazama urefu, akamtazama pua. Unamjua Adolphe alivyokuwa mrefu.

Honorine alipiga kelele, huyu ni Mualur, ni mutu wa Mahagi, jina lake Unencan. Mkubwa akageuza karte mbele na nyuma. Akasema, "Hii Unencan iko wapi? Munaitunga sasa hivi." Adolphe akaanza kusema Kialur, kwa haraka, yote aliyoyajua, hata Baba Yetu akaisali. Hakuna mmoja pale aliyejua Kialur. Ingekuwa Kilingala au Kichina ingekuwa sawasawa kwao.

Wakamsukuma Honorine mbele na bunduki, wakamwambia asigeuke. Hakugeuka. Alisikia.

Watu wa pale walimzika pamoja na wengine sita, pembeni ya barabara. Nimekwenda mara moja, sikurudi tena. Samaki wangu nawaagiza kwa watu.

Na ujue amani yetu ilivyo. Mmoja wa wale vijana sasa anauza unité, salio la simu, karibu na soko, amenenepa, iko na bibi na watoto. Honorine alimtambua kanisani. Anaketi viti viwili mbele yangu. Jumapili moja, wakati wa kupeana amani, aligeuka akaninyooshea mkono, hajui mimi ni nani. Nilimpa. Mkono wake ulikuwa wa moto na laini. Nilirudi nyumbani nikanawa, halafu nikajuta kwa kuwa nimenawa, halafu nikaungama, na padri akanipa Salamu Maria tatu. Sikujua zilikuwa za kumpa mkono au za kunawa.

Ndugu yangu, hilo ndilo jina uliloliandikia kurasa nne na ramani. Nisamehe ukali. Nimeubeba muda mrefu, leo umenipatia mahali pa kuutua.

Niliporudi kutoka Mahagi karatasi yako ilikuwa bado mezani. Honorine alikuja jioni hiyohiyo na mtoto. Nikamwonyesha nakala ya ukurasa aliyonipa mzee Jean-Pierre na mihuri ya parokia, nikamwambia nitakataa kuapa. Nilifikiri atanishukuru. Yeye zaidi ya watu wote.

Honorine alinitazama kama mtu asiyenijua. Aliniambia niende nikaape, tena asubuhi na mapema. Nikasema mulamu, wifi yangu, ni uongo mbele ya Mungu, na kwa jina lile. Akamtuma Rebecca nje achote maji. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Yaya, jina lile lilikula bwana yangu. Liache basi limlishe mtoto wake."

  Nikimwandikia askofu mwenyewe sidhani atapata la kumjibu.

Akaendelea. Akasema mimi na Mungu wangu tuna nafasi ya kuchagua kwa sababu mtoto si wetu. Akasema weye, Blaise, ni mwongo, lakini ni mwongo aliye na nyumba yenye taa. Rebecca aliingia na ndoo, akatutazama kwa zamu.

Asubuhi nilikwenda komine na karatasi yako. Nataka uamini kwamba nilipotoka nyumbani sikujua nitafanya nini. Njiani nilikuwa nimeshaanza kuona ni uongo mdogo, kwa mtu aliyekwisha kufa, kwa mzungu ambaye hayuko. Niliketi kwenye benchi nyuma ya mama mmoja aliyekuja kuandikisha mapacha. Ofisa alipochukua karatasi yangu aliisoma kwa sauti, ili kila mtu asikie, Baba wa baba yake, raia wa Ufaransa. Watu wakageuka. Akanipa kalamu, akaniambia ninyanyue mkono wa kuume niseme jina la babu yangu.

Mdomo wangu ukasema Ukumu.

Ofisa akasema mama, hapa imeandikwa Fournier. Nikasema najua kilichoandikwa. Nikatoa nakala ya parokia, nikaiweka juu ya meza yake. Aliisoma polepole, akaona mihuri. Halafu akaegemea kiti akasema, "Mama, miaka yote niko hapa watu wanakuja kutafuta babu mzungu. Weye unakuja kumufukuza." Benchi lote likacheka, na mimi nikacheka nao, na machozi yanatoka.

Akaniandikia tangazo jingine. Kwamba mimi, binti mkubwa wa Philippe, natangaza kwamba baba wa baba yangu ni Ukumu, Mualur wa Mahagi, aliyekufa kabla ya mwaka wa 1940. Nimelitia sahihi, nakutumia nakala pamoja na ukurasa wa ubatizo. Karatasi yako nakurudishia pia, safi, bila alama yoyote. Ukimpa avoka wako hii yangu, najua faili litakufa. Ukiificha ukatafuta mtu mwingine wa kuapa, wako wengi, na kwa Fanta mbili utampata. Sitakuzuia na sitakushtaki. Ila usiniombe tena mimi.

Honorine alipata habari kabla sijafika nyumbani. Siku iliyofuata alimchukua Rebecca akaenda naye Nyankunde kwa kaka yake, mtoto atasoma kule. Ni wiki ya tatu sasa. Nimetuma salamu mara mbili kwa wale wanaokwenda hospitali ya kule, hazikujibiwa. Nilimtumia pia samaki, wale wazuri. Walirudi na motard yuleyule aliyewapeleka kwa pikipiki, kifungu kimefungwa vilevile.

Kwa hiyo usifikiri nakuandikia kama mtu aliyeshinda. Nimemwuliza Mungu kama nimekataa uongo au nimekataa mtoto. Kila siku namwuliza. Akinijibu nitakuambia.

Lakini iko neno moja nataka kukuuliza, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie kurasa hizi zote. Weye uko huko mwaka wa kumi na nne. Una kazi, una karatasi za kukaa, mkeo ni wa kule, watoto wako wamezaliwa kule. Hujakosa pa kulala kwa ajili ya uraia. Rebecca ni mtoto wa ndugu yako, damu moja, hakuhitaji mzungu wa kahawa ili awe wa kwako. Ukitaka kumwita, mwite. Utapata shida, utaambiwa rudi kesho, utapanga mstari, itachukua miaka labda. Uombe kama baba mdogo anavyoomba mtoto wa kaka yake. Kwa hilo nitaapa mchana kutwa, mikono yote miwili juu, na Honorine atafungua mlango wake kwangu.

Na kama hutaki kumwita bila lile faili, basi niambie wazi. Nitajua kwamba mtoto alikuwa chambo cha kunivutia mimi, na nitakaa na hilo kama ninavyokaa na mengine. Sitakuchukia. Weye ndiye peke yako uliyebaki wa kuniita yaya kwa kweli.

Mama mdogo Madeleine kule Mahagi anakusalimia sana. Macho yake yamekufa lakini alinitambua kwa hatua, na jambo la kwanza aliloliuliza ni kama unakula vizuri. Abbé David anasema ulimpokea vyema, nimefurahi. Wamama wa shirika letu wanakusalimia, hasa Mama Dorcas, ambaye anataka kujua kama ni kweli huko mbwa wana daktari wao. Mpe mkono Agathe, umwambie kitambaa alichonitumia kimekuwa kitambaa cha meza ya shirika, kila mmoja anakisifu. Wabusu watoto. Waambie wanaye shangazi, na wanaye babu wa baba yao aliyeitwa Ukumu, ambaye hajulikani alikuwa na sura gani.

Bwana akulinde unapotoka na unapoingia, akulainishie magoti na moyo. Asikuhesabie yale niliyoyasema kwa uchungu, na mimi asinihesabie.

Utakapojibu, bahasha iandike Acan Geneviève, parokia, Bunia. Yule sista anayegawa barua baada ya misa nimekwisha kumwambia. Ikija nyingine ya Fournier, atasema hakuna mtu wa jina hilo hapa, na itarudi ilikotoka.

Wako akupendaye bila kuchoka, dada yako,

Geneviève Acan